Oili ya Mama Rehema

Kabla hujaniambia pikipiki yako inakula oili, niambie kwanza ilikuwa imesimama vipi ulipoipima. Hilo ndilo swali ninalowauliza vijana wa bodaboda wanaonipitia hapa Bondeni, na wengi hujibu bila kufikiri: "Kwenye stendi, babu." Stendi ipi? Ya pembeni. Basi pikipiki imeegemea kushoto, oili yote imekwenda kushoto, na kijiti cha kupimia kiko kulia. Kinatoka kikavu. Kijana anakimbia dukani, anaongeza nusu lita, na kesho yake ananirudia na moshi unaofukuza mbu wa mtaa mzima.

Zamani nilikuwa nikiwagombeza. Siku hizi nawakalisha kwenye benchi nawaeleza, kwa sababu kosa hilo mimi mwenyewe nimelifanya, tena kubwa kuliko lao. Ninyi mkikosea mnaharibu injini zenu. Mimi nilikosea, na mwanamke mmoja asiye na hatia akapoteza biashara yake na jina lake katika mji huu wa Kyela, kisa sikusubiri dakika kumi. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini nitaeleza kizee, kwa kuzungukazunguka. Mwenye haraka aendelee na abiria wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mwaipasi, msimamizi wa karakana ya shirika moja la umma nililoajiriwa nikiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mfupi, mwimba kwaya, na hakuwahi kumtukana mtu. Akikukasirikia alikuita "mheshimiwa". Ukisikia "mheshimiwa, njoo hapa," ujue siku yako imeharibika.

Pikipiki za shirika zilikuwa zimevunjika stendi kubwa za katikati karibu zote, kwa hiyo siku ya kupima oili mimi ndiye niliyekuwa stendi. Nilipanda, nikaiweka wima kwa miguu miwili, nikakaa hivyo bila kutikisika. Cheo changu cha kwanza kazini kilikuwa hicho. Mzee aliwasha injini kwa dakika mbili tatu ipate joto, akaizima, kisha akaanza kuimba. Saa hakuwa nayo. Alikuwa na wimbo mmoja wa beti nne, akauimba polepole wote, na mwisho wa ubeti wa nne ndipo aliposhika kijiti.

Nilidhani ni uchaji Mungu tu. Kumbe injini ikizimwa, oili bado iko juu, imetapakaa kwenye gia, kwenye klachi na kwenye kichwa cha silinda, na inahitaji muda kuteremka hadi chini inakokaa. Ukipima mara moja unapima oili ambayo haijafika nyumbani. Beti nne zilikuwa dakika zake za kusubiri.

Akishamaliza kuimba, alikifungua kijiti, akakifuta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, akakichovya tena kwenye tundu lake bila kukikaza, akakitoa na kukisoma kwenye mwanga. Kina mistari miwili, wa chini na wa juu. Oili ikiwa katikati, sawa. Ikiwa chini ya mstari wa chini, ongeza kidogo, subiri, pima tena. Ikipita wa juu, punguza.

"Kwa nini hukikazi, mzee?" nilimuuliza siku moja nikiwa bado juu ya pikipiki, miguu inatetemeka.

"Mheshimiwa, ukikikaza kinazama zaidi. Kitatoka kimelowa mpaka juu, utafikiri imeshiba kumbe ina njaa."

Ziko pikipiki chache ambazo kitabu chake kinasema ukikaze. Kisome kitabu chako. Msije mkasema babu alikataza.

Na msidharau kuangalia rangi. Oili nyeusi si lazima iwe mbaya, imefanya kazi ya kuosha, lakini ikifikia kilomita zake itoe. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na huku kwetu masika yakishuka kila mwenye pikipiki ni mwuza chai. Usiwashe. Mwaga yote, weka mpya, tembea kidogo, mwaga tena. Mimi nilikuwa namwagia kwenye chungu kipana cha wafinyanzi wa Ikombe kilichoota ufa mdomoni, mke wangu alikuwa amekikataa jikoni. Udongo ule mwekundu ulinionyesha kila kitu. Chembe za chuma zilionekana ziking'aa chini kama unga, nami nikajua injini hii inajitafuna.

Shirika letu likafungwa. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, ambapo kila kitu kilifunguliwa isipokuwa milango ya mashirika. Tulipewa barua za kupunguzwa, tukapeana mikono. Mzee Mwaipasi akarudi kwake Rungwe kulima ndizi. Mimi nikasimamisha nguzo nne na bati chakavu hapa Bondeni, nikaandika kwa rangi nyeupe GEREJI, nikangoja wateja.

Wateja walikuja, maana pikipiki zilianza kuingia kwa wingi. Kwanza walikuja walionunua kakao, kisha wafanyabiashara wa mchele, kisha walimu waliokopeshana. Kila mtu alikuwa na pikipiki na hakuna aliyekuwa na kitabu chake. Waliozoea zile za zamani, za kuchanganya oili na petroli, waliendelea kuchanganya hata kwenye hizi mpya ambazo oili yake inakaa peke yake chini ya injini. Walitoa moshi wakadhani ndiyo nguvu. Wengine hawakujua kabisa kwamba kule chini kuna oili. Mmoja aliniambia kwa fahari kwamba yake haijawahi kuongezwa tangu ainunue, na kweli, nilipoifungua ilikuwa na kitu kama lami.

Halafu kulikuwa na mwalimu mmoja, simtaji, amezikwa juzijuzi na alikuwa rafiki yangu. Alikwama njiani na kijiti kikavu, akaingia nyumba ya jirani, akapewa chupa ya mawese. Akaona mafuta ni mafuta. Alinifikia akisindikizwa na mbwa wawili, na injini inanukia samaki wa kukaanga. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Fundi, badala ya kucheka ungenishukuru," alisema. "Nimefika."

"Umefika, mwalimu. Sasa tuongeze vitunguu."

Sasa nifike kwa Mama Rehema.

Oili wakati ule haikuwa kila duka kama leo. Iliyokuwepo mara nyingi ilivuka mto Songwe kutoka Malawi, na aliyeivusha vizuri kuliko wote alikuwa yeye. Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mrefu. Dada yake aliolewa Karonga, na kule ndiko alikonunulia. Alikuwa na meza yake Bondeni, mwavuli mkubwa mweusi, vidumu vimepangwa kwa ukubwa, vifuniko vimefungwa kwa nailoni asije mtu akasema vimefunguliwa. Wakati wa swala alifunika meza kwa kanga na kuondoka, na hakuna aliyegusa. Oili yake nilikuwa naijua kwa vidole. Ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa inateleza taratibu na haikuisha. Nilinunua kwake tangu wiki ya kwanza ya gereji yangu.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makubwa. Barabara ya kwenda Katumba Songwe ikakatwa na maji, na mahali pale watu wakawa wanavushwa kwa mitumbwi, watu na mizigo na baiskeli. Nesi Atupele, aliyekuwa akienda kule kila wiki kwa kliniki ya watoto na kisanduku chake cha chanjo, alikuwa na pikipiki niliyoitengeneza mimi. Siku hiyo nilikuwa naenda kumsalimia shemeji yangu upande huohuo, akaniomba tuongozane nimsaidie kuvusha. Asubuhi nilikuwa nimenunua kwa Mama Rehema lita moja ya oili, nikaitia kwenye mfuko wangu wa spana.

Mwenye mtumbwi aliilaza pikipiki kwa ubavu juu ya magunia, usukani upande huu, gurudumu upande ule. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wote. Mtumbwi ni mwembamba, na kitu kirefu kikisimama unayumba. Tukavuka taratibu, maji yamefika usawa wa migomba. Ng'ambo tukaishusha, nikaiweka wima kwenye nyasi, nikafungua kijiti.

Kikavu kabisa. Hata ncha haikulowa.

"Nesi, ungeua injini leo," nilimwambia. "Imekwisha yote."

"Si umeitengeneza juzi, fundi?"

"Labda imevujia kwenye mtumbwi. Bahati yako niko hapa."

Nikamimina. Nilitia, nikachovya, bado. Nikatia, nikachovya, mpaka ikafika mstari wa juu, na chupa ilikuwa imekwenda zaidi ya nusu. Yote hayo niliyafanya haraka, watoto wanasubiri chanjo, mvua inaelekea kunyesha. Sikuimba hata ubeti mmoja. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, tata," akapiga kiki, akaondoka, na mimi nikashika njia ya kwa shemeji nikiwa nimejaa kujisifu.

Siku mbili baadaye, jioni, waliileta gereji ikisukumwa na vijana wawili. Injini ilikuwa imenoki. Pistoni imeng'ang'ania kwenye silinda, haiendi juu haiji chini. Watu wakajaa, maana pikipiki ya nesi ilikuwa kama ya kila mtu. Nilipofungua bolti ya chini hakikutoka kitu isipokuwa vijiko viwili vya uchafu mweusi uliochanganyika na maji ya tope.

Akauliza mtu nyuma yangu, "Oili ilikuwa ya wapi?"

Nikajibu bila kugeuka. "Ya Mama Rehema. Niliitia mwenyewe juzi. Oili gani hii inageuka maji kwa siku mbili?"

Wallahi niliamini nilichosema. Niliona pia kwamba sili, ile pete ya mpira ya kuzuia oili iliyo nyuma ya sproketi ya mbele inayovuta cheni, ilikuwa imetoka mahali pake, na cheni yote imelowa oili. Hilo lingenitosha kunifikirisha. Nikaamua ni joto limeisukuma, nikaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Maneno hayahitaji pikipiki. Kabla jua halijazama soko zima lilijua kwamba oili ya kutoka ng'ambo imeua injini ya nesi, na kwamba Mama Rehema huichanganya. Walioongeza chumvi walisema anachanganya na maji ya mto. Kesho yake asubuhi alikuja gerejini, amebeba kidumu kilichobaki kutoka fungu lile lile.

"Shikamoo, Mama," nilimwamkia, maana alinizidi umri.

"Marahaba, Fundi Gwakisa. Hii hapa. Ni ndugu yake ile uliyonunua. Ipime mbele yangu."

"Nipime nini, Mama? Injini imeshasema."

"Injini haisemi. Wewe ndiye unayesema. Chukua vidole vyako, usugue, kama unavyofanya siku zote."

Watu walikuwa wanatuangalia. Kama ningesugua nikasema ni nzuri, ningeonekana mjinga niliyewapotosha watu jana. Nikachukua spana nikaendelea na kazi. Akabeba kidumu chake akaondoka. Sijawahi kuona mgongo ulionyooka namna ile.

Wakamsusa. Mwenyekiti wa soko akamwambia, kwa upole wa kinafiki, ahame kwa muda mpaka mambo yatulie. Mchana mmoja alikuta vidumu vyake viwili vimemwagwa mtaroni na hakuna aliyejua nani. "Lisemwalo lipo," watu walisema, wakapita. Wiki ya pili mwavuli haukuwepo. Tukasikia amevuka na binti yake, amerudi kwa dada yake Karonga.

Na mimi? Mimi nilipata wateja. Nilikuwa fundi aliyegundua oili feki. Watu walitoka Ipinda kuja kunionyesha vidumu.

Wiki ya tatu mnunuzi mmoja wa kakao alinikabidhi pikipiki yake nimpelekee ng'ambo ile ile ya maji. Mtumbwi ule ule, ikalazwa vile vile. Nikaishusha, nikaiweka wima kwenye stendi yake kubwa, nikafungua kijiti. Kikavu.

Ajabu ni kwamba sikushtuka. Nilijiambia tu, hizi pikipiki za siku hizi. Lakini sikuwa na oili, na nyumba ya karibu ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa na pikipiki, nikaona nikaombe. Nilimkuta barazani.

"Mugonile, tata," nilimwamkia.

Mnajua mambo ya kwetu. Huingii kwa mtu ukataja shida yako. Mgeni anakaa kwanza. Nikapewa kigoda, tukaamkiana, tukaulizana watoto, ng'ombe, mvua, mpunga uliozama na uliopona, nani amefariki, nani ameoa. Ikaletwa chai na ndizi za kuchemsha. Nikajaribu kusema, "Mzee, mimi nilikuja kwa sababu..." akaniambia, "Kula kwanza, pikipiki haina miguu." Nilikaa pale nikikereka kimoyomoyo kwa robo saa nzima. Ndipo akauliza, "Haya, baba, habari za ulikotoka?" Nikasema nataka oili kidogo. Akanipa kikopo.

Nikarudi kwenye pikipiki, nikafungua kijiti ili niongeze.

Kilikuwa kimelowa mpaka karibu na mstari wa juu.

Nilikifuta nikachovya tena. Ile ile. Nikafuta kwa shati langu nikachovya mara ya tatu, kisha nikaketi kwenye nyasi zilizolowa. Masikio yalikuwa yananichoma. Oili haikuwa imekwenda popote. Pikipiki ikilazwa, oili inakimbilia juu na pembeni, inajificha kwenye kila kona ya injini, na ukiisimamisha inarudi taratibu, hasa asubuhi ya baridi ikiwa nzito. Ile ya nesi ilikuwa na oili yake kamili. Mimi nikaiongezea zaidi ya nusu lita juu yake. Ikakosa pa kwenda, ikasukuma, ikaing'oa sili, ikavuja yote barabarani huku tope na maji vikificha alama na kuingia ndani kwa tundu lile lile. Injini ikaishiwa, ikanoki. Oili ya Mama Rehema ilikuwa safi. Injini iliuawa kwa wingi wake, na mkono uliomimina ni huu.

Ningependa kuwaambia kwamba niliondoka pale moja kwa moja kwenda kumtafuta. Sikwenda. Nilipeleka pikipiki ya mnunuzi wa kakao, nikarudi Bondeni, nikafanya kazi kama kawaida. Siku ikawa wiki, wiki zikawa tatu. Kila nikitaka kusema nilimwona mteja mpya anakuja na kidumu chake, ananiita mtaalamu. Nilikuwa na mke na watoto wanne, nikajiambia nawalinda wao. Ulikuwa uoga tu, na nawaambia hivyo kwa sababu ninyi bado mna muda wa kuuchukia mapema.

Na pale kwenye meza yake akaja mtu mwingine, kijana mchangamfu wa maneno matamu. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya oili chafu kwenye magereji, anaichuja kwa kitambaa, anaichanganya na kitu cha kuipa rangi, anaijaza kwenye vidumu vipya. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa oili chafu kutoka kwenye chungu changu nikidhani anapaka nguzo za nyumba. Injini tatu zilipita gerejini kwangu mwezi ule, zote zimesagika. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nililisema halipo, nikalifungulia mlango likaja.

Aliyenimaliza ni Nesi Atupele. Alikuwa anakwenda kliniki kwa baiskeli ya kuazima, na alitakiwa na wakubwa wake aandike chanzo cha kuharibika kwa pikipiki. Akaja na karatasi.

"Fundi, niandike nini? Oili mbaya?"

Nilikuwa nimeshika kalamu yake mkononi. Nikasema, "Andika fundi alipima vibaya." Nikamweleza yote, tangu mtumbwini mpaka kigoda cha yule mzee.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Wiki tatu sasa."

Akakunja karatasi. "Mimi nitaandika. Lakini mimi si wa kuambiwa, kaka. Wa kuambiwa yuko Karonga."

Siku ya soko nilikwenda pale kwenye meza yake, nikapanda juu ya kreti, nikawaambia watu kwa sauti kwamba mimi ndiye niliyeua injini ile, na nikawaeleza jinsi. Wengine walicheka. Mwenyekiti wa soko akasema, "Mwenyewe ameshaondoka, unamsafishia nani?" Yule kijana wa oili akafungasha vitu vyake akahama mtaa. Wateja wangu wa mbali wakapungua, na hilo nilistahili.

Kisha nikavuka Songwe. Karonga nilimwona kwa mbali kwa urefu wake. Mwavuli ule ule mweusi, meza ndogo kuliko ya kwanza, binti yake Rehema pembeni anapanga vidumu. Nilimwamkia. Aliitikia. Nikasimama nikamweleza, sikukaa hata aliponionyesha kiti.

"Nilijua kwamba utajua," alisema nilipomaliza. "Wewe ni fundi. Nilijiambia, siku moja atapima vizuri. Ulijua lini?"

Nikamwambia.

"Basi zile wiki tatu za kwanza nakusamehe zote. Hukujua. Hizi tatu za mwisho ndizo sijui nizifanyeje."

"Rudi, Mama. Nimewaambia watu wote. Meza iko wazi."

"Nimekusamehe, Fundi Gwakisa, na hizo pia, kwa sababu umevuka maji kuja kusema. Lakini sirudi mahali walipomwaga mali yangu mtaroni, na mimi nikiwa nimewauzia miaka mingi, bila mtu mmoja kusema ngoja kwanza."

Nikaomba aniuzie oili, lita tano.

Akachukua kidumu, akakata nailoni, akafungua kifuniko. Akaushika mkono wangu, akaufungua, akanimiminia kidogo katikati ya kiganja. Halafu akangoja, ananitazama. Wateja wake walikuwa wamesimama pale, wawili watatu, hawanijui. Nilisugua kwa kidole gumba.

"Safi," nilisema.

"Sikusikia."

"Oili hii ni safi, Mama."

Akafunga kifuniko, akanipa.

Nilinunua oili yangu kwake mpaka nilipoacha kazi. Kila mwezi nilivuka, na kila mwezi, mbele ya yeyote aliyekuwepo, alifungua kidumu, akanimiminia kiganjani, akangoja. Hakuacha hata mara moja, wala hakunikumbusha kwa neno. Tulizungumza habari za watoto, tukacheka, Rehema alipoolewa nilialikwa nikala pilau. Lakini kidumu kilikuwa hakifungwi mpaka niseme, na niseme kwa sauti ya kutosha.